Waliyoyaona Wazee Tuyaandike



Sasa unajua kusoma na kuandika. Ukipeleka pamba au korosho kuuza, unasoma mizani wewe mwenyewe. Mwanao akiwa mbali, unamwandikia bila kumwomba jirani akushikie kalamu. Hizo ni faida kubwa, na umezipata kwa jasho lako. Lakini iko kazi moja ambayo wasomaji wapya wengi hawajaifikiria. Mimi naona kazi hiyo inawahusu ninyi kuliko watu wengine wote. Ni kuandika mambo ambayo wazee wa kijiji chenu waliyaona kwa macho yao katika karne iliyopita, yaani kati ya mwaka 1901 na mwaka 2000.

Sisemi hadithi za sungura na fisi. Sisemi pia hadithi za asili ya ukoo, ambazo babu alisikia kwa babu yake. Hizo zina nafasi yake. Mimi nasema habari za mtu aliyekuwapo. Alikuwapo siku ya kulipa kodi. Alikuwapo siku ya kuhama. Alipanga foleni ya sukari akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Mtu huyo anaitwa shahidi. Naye shahidi hawezi kurithiwa kama jembe. Akifa, mwanawe hawi shahidi. Anakuwa mtu aliyesikia tu.

Chukua penseli tufanye hesabu kidogo.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na vilikwisha mwaka 1907. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za vita hivyo. Waliongozwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe. Sasa toa 1905 katika 1968. Unapata 63. Basi mtoto aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 wanafunzi walipobisha hodi kwake. Walimkuta hai, lakini kwa shida. Kama wangechelewa miaka 20, wangekuta kaburi.

Walipata nini kwa wazee hao? Walipata mambo ambayo hayamo katika karatasi za Wajerumani. Wakuu wa Kijerumani walipenda kusema kwamba watu walipigana kwa sababu ya ushirikina, kwamba walidanganywa na waganga. Wazee walieleza mambo mengine. Walieleza shamba la pamba la jumbe, ambalo kila mtu alilazimishwa kulilima huku shamba lake mwenyewe likiota majani. Walieleza viboko vya maakida. Walieleza kodi, na malipo ya pamba yaliyokuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Tena walieleza jinsi habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilivyopita kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, hata watu wa makabila mbalimbali wakawa na neno moja. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wengi wanasema waliokufa ni wengi zaidi, kwa sababu askari walichoma vyakula na njaa ikaua watu baada ya risasi kunyamaza. Leo watoto wa shule wanajifunza kwamba Maji Maji ilikuwa vita ya watu walioonewa. Wanajifunza hivyo kwa sababu, pamoja na kazi nyingine za wanahistoria, wazee waliulizwa wakiwa bado wapo.

Sasa hesabu ya pili. Ongeza miaka 63 juu ya 1961, mwaka tuliopata uhuru. Unapata 2024. Umeona? Sisi tumefika pale pale walipokuwa wanafunzi wale, na tumepita kidogo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, leo amepita miaka 70. Aliyekuwa kijana wa miaka 20, mwenye akili zake kamili, amepita miaka 80. Hebu hesabu katika kitongoji chenu wamebaki wangapi. Wahesabu kwa vidole.

Wengine wamekwisha kutuponyoka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, Wajerumani na Waingereza walipigana katika nchi yetu, na Waafrika ndio waliobeba mizigo yao. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam linatokana na kikosi cha Waingereza cha wapagazi hao. Waingereza waliandika vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao. Upande wa Wajerumani wapagazi wengi hawakuandikwa kabisa, wala walipochukuliwa wala walipokufa. Walipita vijijini mwetu wakiwa na mizigo kichwani na njaa tumboni, na nyuma yao wakaacha maghala matupu. Waliorudi makwao walikuwa na mengi ya kueleza. Waliwaeleza watoto wao jioni, na watoto walisikia kama watoto wanavyosikia, nusu wamelala. Leo hakuna mpagazi hata mmoja wa kumwuliza alibeba nini, alikula nini, na rafiki yake alizikwa wapi.

Najua utaniambia, "Hiyo ni kazi ya wasomi. Mimi nimemaliza kisomo juzi tu. Mwandiko wangu unapanda na kushuka."

Sikubaliani nawe, na nitatoa mfano kutoka nchi jirani ya Kongo, ambako watu wengi husema Kiswahili, hasa upande wa mashariki na kusini. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wabelgiji walikuwa na chama chao. Hao walikuwa wapishi na maboi. Mwenzao mmoja, André Yav, aliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha pale pale mjini. Aliandika jinsi Wazungu walivyokuja, jinsi kazi zilivyokuwa, na jinsi mabwana walivyowatendea watumishi. Maneno yake mengi yameungana, na herufi hazifuati sheria za walimu. Lakini mwaka 1990 mtaalamu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, aliyatoa maandishi hayo katika kitabu, na wasomi wa nchi za mbali wanayasoma mpaka leo kwa heshima. Hawakumcheka Yav kwa herufi zake. Walitaka kujua kile alichokijua yeye na wao hawakukijua. Kitu hicho ni nyumba ya mkoloni ikitazamwa kutoka jikoni.

Wewe nawe unalo jiko lako la kutazamia. Msomi akija kijijini kwenu na gari, atakaa siku tatu. Wazee watamwambia yale wanayodhani anataka kusikia, kisha watamwuliza kama ameleta msaada. Wewe unaishi nao. Unajua nani alikuwa manamba, nani alikuwa mke wa manamba aliyebaki nyumbani na watoto wanne, na nani anapenda kujisifu kupita kiasi. Elimu hiyo haifundishwi chuo kikuu.

Nimemtaja mke wa manamba kwa makusudi. Watu wengi wakisikia "historia" wanakwenda moja kwa moja kwa wazee wa kiume wanaokaa barazani. Hilo ni kosa kubwa. Tazama habari za TANU. Kwa miaka mingi tulisoma majina ya wanaume waliopigania uhuru, na jina la Bibi Titi Mohamed peke yake kwa wanawake. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria mmoja, Susan Geiger, alikaa na wanawake waliokuwa wanachama wa TANU akawasikiliza, akiwamo Bibi Titi mwenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Kikaonyesha kwamba wanawake wa kawaida, wapishi wa vitumbua na wapika pombe, wanawake wa vikundi vya ngoma, ndio waliopeleka habari za TANU nyumba kwa nyumba na kuuza kadi. Nao wanawake wa Mombasa, watatu, walieleza maisha yao kwa Kiswahili, na maneno yao yamechapwa vitabuni. Lakini nchi hizi zina wanawake wangapi wazee ambao hawajaulizwa neno hata moja?

Basi tuseme umekubali. Utaanzaje?

Usianze kwa swali kubwa. Swali kubwa huleta jibu dogo. Tazama mfano huu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Bibi, zamani maisha yalikuwaje?"

"Yalikuwa magumu, mjukuu wangu. Lakini watu walipendana."

Habari imekwisha hapo. Kila bibi wa nchi hii atakuambia maneno hayo hayo, na hata wewe ungeweza kuyaandika bila kutoka nyumbani. Sasa jaribu swali dogo.

"Bibi, ile miaka sabuni ilipokosekana madukani, nguo mlifua na nini?"

Hapo bibi atacheka. Atakuambia habari za majani ya mpapai. Kisha atakumbuka duka la kijiji, na siku gari lilipoleta vitambaa vya doti kumi kwa watu mia mbili. Atakuambia nani alipata na nani alikosa, na kwa nini. Pengine atakushika mkono na kukuonyesha kanga aliyoipata siku ile, ambayo bado iko sandukuni. Miaka ile ya mwanzo wa 1980 imeandikwa sana katika vitabu vya uchumi. Vitabu vinataja bei ya mafuta, ukame, na gharama za vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Mambo hayo ni kweli. Lakini kanga ya bibi haimo.

Kwa mzee aliyekwenda mkonge, fanya vivyo hivyo. Vijana wengi wa bara walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba kwa sababu walipewa namba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kukusanya wafanyakazi, lililoitwa SILABU. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, na kipande kimoja kilikuwa siku 30 za kazi. Hayo utayasoma katika kitabu. Kile usichoweza kukisoma ni hiki: Ulisafiri na nani? Mlilala wapi njiani? Namba yako ilikuwa ngapi? Ajabu ni kwamba mzee anaweza kusahau majina ya wajukuu, lakini namba hiyo akaikumbuka.

Sasa habari ya miaka. Usimlazimishe mzee akutajie mwaka. Ukimlazimisha atakutajia wo wote ili umwache apumzike. Badala yake mwulize: Ilikuwa kabla ya uhuru au baada yake? Azimio la Arusha, la tarehe 5 Februari 1967, lilikuwa limekwisha kutangazwa? Ulikuwa umezaa mtoto wa ngapi? Wazee wetu walikuwa na kalenda yao. Waliipa miaka majina ya njaa, ya nzige, ya ndui na ya mafuriko. Huko Ugogo, njaa kubwa iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza iliitwa Mtunya, na jina hilo halikusahaulika. Hata majina ya watu yanasaidia. Aliyeitwa Uhuru hukosi kujua ni mtoto wa miaka gani. Andika kwanza jina la mwaka alilotumia mzee, halafu wewe utafute tarakimu zake taratibu.

Andika pia maneno kama yalivyosemwa. Kama babu amesema "tulikuwa tunachapwa", usiandike "wananchi walinyanyaswa na utawala wa kikoloni". Hiyo ni lugha ya mkutano. Kama amechanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani, acha mchanganyiko huo, na chini yake eleza maana. Najua walimu wengine watataka kusahihisha. Waombe wasahihishe herufi tu, waache maneno.

Nimefika mahali pagumu. Lazima nipaseme.

Wako watu wanaotaka wazee waandikwe mema tu. Wanasema mambo ya uchungu yaachwe, maana yanaweza kufufua chuki. Mara nyingi wanafikiria habari za kuhamia vijijini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika mwishoni mwa 1976. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1973 watu waliokuwa katika vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni mbili. Mwaka 1976 walifika kama milioni 13. Fikiria kwanza ukubwa wa jambo hilo. Ni kama nchi nzima imejitwika mizigo kichwani ndani ya miaka mitatu. Kijiji chenu, ndugu msomaji, huenda kilizaliwa wakati huo. Mahame ya zamani yako huko porini, na miembe yake bado inazaa.

Ukiuliza, mzee mmoja atakuambia kwamba nyumba yake ilibomolewa akiwa bado hajapata mahali pa kulala, na mahindi yake yakabaki shambani kwa nguruwe. Mzee mwingine wa kijiji hicho hicho atakuambia kwamba hapo ndipo mtoto wake wa kike alipoanza shule, na yeye mwenyewe ndipo alipoanza kushika chaki. Nani anasema kweli? Wote wawili. Shahidi mmoja alitazama kutoka mlango huu, mwingine kutoka mlango ule. Kosa ni kumwandika mmoja na kumnyamazisha mwingine. Ukiandika uchungu tu, umedanganya. Ukiandika mema tu, umedanganya pia, tena umemkosea heshima mtu aliyepoteza nyumba yake.

Tena jambo hili si la zamani kama watu wanavyodhani. Bado liko katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imethibitisha kwamba ardhi waliyogawiwa watu wakati wa kuhamia vijijini, kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, iligawiwa kwa halali. Maana yake ni nini kwako? Maana yake ni kwamba siku moja mjukuu wako anaweza kuulizwa barazani: Shamba hili mlipewa lini? Alikata mpaka nani? Nani alikuwapo? Karatasi za miaka ile mahali pengi hazipo, zimeliwa na mchwa au zimelowa mvua. Aliyekuwapo siku ya kupima kwa hatua na kupanda minyaa ya mpakani ni mzee yule anayeota jua mbele ya nyumba yake. Ndiyo sababu nasema kuna haraka.

Lakini hapa nakuonya. Kama wewe mwenyewe una kesi ya mpaka, usimhoji mzee juu ya mpaka huo. Mwombe mwenzako wa darasani asiye na shamba karibu aende yeye. Ushahidi ulioandikwa na mwenye kesi hauna uzito, nao utaleta ugomvi mahali pasipokuwa na ugomvi.

Wazee pia hukosea. Kumbukumbu huchakaa kama kitambaa, na wakati mwingine mtu hushonea kiraka cha habari aliyoisikia redioni akadhani aliiona. Kwa hiyo andika kila mara tofauti hizi mbili: hili aliliona, hili aliambiwa. Mwulize waziwazi, "Babu, hapo ulikuwapo, au ulisimuliwa?" Mzee wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Kama wazee wawili wametofautiana, usiwapatanishe wewe. Andika wote, kila mmoja kwa jina lake na siku uliyozungumza naye.

Wengine watakuambia siku hizi simu inatosha, unarekodi sauti basi. Rekodi kama unaweza, sauti ya mzee ni kitu cha thamani. Lakini mimi siiamini simu peke yake. Simu huibiwa, huanguka majini, na baada ya miaka michache inakuwa takataka na kila kilichomo kinakwenda nayo. Daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa mbali na moshi na mchwa hukaa miaka mingi. Tumia kalamu ya wino, maana penseli hufutika.

Usisahau darasa lenyewe la kisomo, maana nalo ni sehemu ya karne hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 watu kama milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Upimaji wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa chini ya 10. Baadaye idadi yao ilipanda tena, na hilo ni jambo la kusikitisha ambalo lingefaa makala yake. Lakini katika kijiji chenu huenda bado yupo mama aliyejifunza "a, e, i, o, u" chini ya mwembe akiwa na mtoto mgongoni. Mwulize nani alimcheka. Mwulize mumewe alisema nini. Mwulize neno la kwanza aliloandika peke yake lilikuwa lipi.

Kuna mambo mzee atakayokuambia kisha aseme, "Haya usiyaandike." Usiyaandike. Weka kalamu chini ili akuone umeiweka. Wazee wengi hupima mtu kwa jambo dogo kama hilo, na siku ya pili hueleza zaidi.

Mkikubaliana darasani, gawaneni wazee. Msiende watu kumi kwa mzee mmoja kama mnakwenda msibani. Watosha wawili, mmoja kuuliza na mmoja kuandika. Nendeni wakati asiochoka, na msimalize yote siku moja. Anzeni na waliozeeka sana na walio wagonjwa. Juu ya ukurasa wa kwanza andikeni jina la mzee kama anavyopenda kuitwa, mahali alipozaliwa, tarehe ya leo, na majina yenu ninyi mlioandika.

Mkimaliza, rudini mkamsomee. Someni polepole, neno kwa neno, mbele ya watu wa nyumbani kwake kama ameruhusu. Atawakatiza. Atasema, "Sivyo, hapo mmekosea, tulikuwa watano, si wanne," na atamtaja yule wa tano ambaye alikuwa amemsahau. Mwandikeni huyo wa tano. Kisha nakilini mara tatu. Moja ikae kwa mwalimu wenu wa kisomo, moja katika ofisi ya kijiji, na moja mpeni mzee mwenyewe, hata kama hajui kusoma. Ataiweka chini ya mto, na akija mgeni atamwambia mjukuu wake aitoe aisome.